Nundu kwa Tuta Refu

Jumatatu, 9 Agosti 1976

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama huwezi, soma ukiwa umefumba mdomo. Usimwambie mkeo, usimwambie katibu wa kijiji, na hasa usimwambie Koleta wa stoo ya majembe. Nina miaka ishirini na mbili na cheti cha kidato cha nne. Vyote bado navihitaji.

Tunajenga lambo hapa Nyantakara. Vijiji vitatu, watu mia nne, tuta la udongo la kuziba bonde zima. Kundi la Mzee Shilinde limeanzia mashariki, la Mama Kwandu magharibi. Wakutane katikati. Hawakaribiani! Hufika saa tatu, wakasalimiana hadi saa nne. Ndugu Audax, msimamizi wetu, kaondoka leo kwenda Mwanza kutafuta vipuri vya lori. Kaniachia mradi mimi, karani wake. Akasema akirudi tarehe ishirini na saba akute bonde limezibwa. La sivyo narudi kwa baba, huko Rulenge, kuchunga mbuzi.

Jumatano, 11 Agosti

Nimepata dawa! Siku ya kufungua lambo atachinjwa dume la ng'ombe. Nimetangaza: kundi litakalojenga hatua nyingi zaidi litakula nundu. Litakaloshindwa, kwato na utumbo.

Mzee Shilinde akauliza kama nina akili timamu, maana Msukuma hatanii juu ya nundu. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, nikasema ninazo. Mama Kwandu akawauliza watu wake kama wamewahi kumwona Shilinde akitafuna kwato. Vicheko!

Koleta kanivuta kando. Ati niahidi nyama kwa kukutana, si kwa hatua. Ati angalau nichomeke kigingi katikati. Nimemwambia mwenye kuhesabu majembe ahesabu majembe.

Jumamosi, 14 Agosti

Ajabu! Nimefika saa kumi na mbili asubuhi, nimewakuta wanatoka jasho. Wimbo wa Mama Kwandu unasema ng'ambo ya pili wanachimba kama kuku. Ng'ambo ya pili wamejibu kwa wimbo ambao sitauandika. Nimekula ugali mara mbili. Raha!

Alhamisi, 19 Agosti

Jambo dogo. Matuta hayaelekeani. Yakienda hivi yatapishana, na katikati litabaki pengo la hatua kumi, maji yapite kama wageni mlangoni. Mzee Shilinde kaniuliza apinde au asipinde, maana kupinda kutampotezea hatua. Nikaogopa kumuudhi. Nikasema, mzee, fanya uonavyo. Mama Kwandu akauliza hivyohivyo. Nikamjibu hivyohivyo. Haki sawa.

Jumanne, 24 Agosti

Yamepishana.

Nilikuwa nimesimama pale pale pengoni. Mama Kwandu alipita na karai kichwani akampungia mwenzake mkono: "Kwaheri, Shilinde! Utusalimie huko tulikotoka!" Mzee akajibu kwamba akifika atamwachia kwato mlangoni. Nikapuliza filimbi. Nikawasihi waache, wajaze pengo. Wakaniuliza, pande zote kwa sauti moja, pengo lina hatua? Nikakiri halina. Wakaendelea.

Nimefunga sanduku langu la nguo. Rulenge si mbali.

Alhamisi, 26 Agosti

Jana Koleta alifunga stoo kwa kufuli, majembe yote ndani, akakalia jiwe mlangoni. Akatangaza kwamba dume hachinjwi mpaka pengo lijae, na nundu itapikwa chungu kimoja, kila kundi lichovye. Mzee Shilinde akafoka kuwa hajawahi kuamriwa na binti. Koleta akasema, "Shikamoo baba, leo umeamriwa," akafungua kufuli, akampa jembe la kwanza. Watu mia nne kwenye shimo moja! Leo alasiri limejaa.

Sikuingilia. Kiongozi mzuri hujua wakati wa kukaa nyuma ya stoo.

Ijumaa, 27 Agosti

Ndugu Audax karudi. Akatembea juu ya tuta polepole, mimi nyuma yake. Katikati, pale penye upana wa matuta mawili, akasimama. Akauliza nani alifikiria kuweka mahali pa malori kupishana. Mdomo wangu ukasema "Mimi" kabla sijauruhusu. Akanipa mkono! Koleta alicheka hadi akaketi chini.

Jumamosi, 28 Agosti

Nyama nzuri. Nimefungua sanduku, mashati nimeyatundika tena. Tena nimekabidhiwa ghala jipya la kijiji, kuanzia msingi. Usiku kucha nimefurahi, maana sasa siri ya kazi ninaijua: ni zawadi. Jumatatu natangaza: kundi litakalochimba msingi kwenda chini kuliko mengine litapewa maini. Wakiuliza mwisho ni wapi, nitawaambia wafanye waonavyo.

Wewe msimamizi unayehitaji mashauri, shuka Nyantakara kwenye mnada, fuata njia ya lambo, uliza Idefonsi karani. Njoo asubuhi, Koleta akiwa stoo. Ukikuta ofisi tupu, nenda kwenye msingi wa ghala, uinamie shimo, uniite kwa sauti kubwa.