Bakteria Wangu na Mayai ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Kaka amekula mayai mbele yangu. Tena! Anatafuna amefumba macho, kama anasali. Mimi kikombe cha unga wa dawa, harufu ya soksi mbichi. Ndivyo nilivyozaliwa: kuna asidi moja ya protini mwili wangu hauwezi kuivunja. Ikijaa kwenye damu, ubongo unaingia ukungu. Kwa hiyo nyama marufuku, maharage marufuku, yai marufuku. Tumetoka tumbo moja, yeye akabeba kila kitu, na shukrani hana.

Lakini nimesoma makala. Kumbe bakteria wa utumbo hula tusivyoviweza. Wangu je? Wanalala bure, wanakula bure! Nitawafunza kazi. Alhamisi natetea tasnifu yangu ya hisabati. Ijumaa nakula yai.

Jumanne, 4 Machi
Mtungi wa kabichi inayochacha uko nyuma ya sahani kabatini. Ndiyo shule yao; wakihitimu, nitawameza. Nimewamwagia unga wangu wote wa leo wapate nguvu. Mama akauliza unga uko wapi. Nikamwambia umekwisha. Si uongo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemfokea mama kwa sababu ya kijiko. Kilikaa vibaya. Akasema hasira hizi si zangu, ni za damu. Yaani hata kukasirika sina haki mpaka nipimwe! Kesho natoa tone la damu kliniki. Ili kipimo kishuke, leo sili kitu. Asiyekula hana protini. Hesabu nyepesi.

Alhamisi, 6 Machi
Damu nimetoa. Kisha chuoni, ubaoni. Hatua ya tatu ya uthibitisho, niliyoibuni mwenyewe, niliyoilalia na kuamka nayo, haipo. Imefutika! Mwalimu mmoja akauliza swali. Nikamjibu ni la kipumbavu. Lilikuwa zuri. Wamenipa wiki mbili nirudi. Nikishindwa tena, basi. Walinionea huruma. Heri wangenitukana.

Nyumbani, mtungi umelipuka. Kabichi hadi kwenye bawaba. Kaka akanipa hongera ya kujifungua.

Ijumaa, 7 Machi
Kipimo kimepanda kuliko wakati wowote tangu utotoni. Mtaalamu wa lishe akanieleza polepole, kama mtoto: mwili ukinyimwa chakula hujitafuna misuli, na misuli ni protini. Nimejila mwenyewe. Mimi, niliyekatazwa nyama!

Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaniuliza: “Msomi, huo unga si umetengenezwa bila hiyo asidi? Sasa ulikuwa unawafunza kula nini?”

Nilitamani kumrushia sahani. Zote zinanuka kabichi.

Mama hakucheka. Alinishikia kikombe mpaka nikamaliza.

Ijumaa, 14 Machi
Unga nakunywa, chakula nakula. Ukungu umeondoka. Hatua ya tatu imerudi yenyewe, kama paka. Nimemwomba mama radhi, na mwalimu pia.

Sasa naweza kufikiri kwa utulivu, na kwa utulivu nakiri: kaka alisema kweli. Unga haukuwa na somo. Wanafunzi wanahitaji yai.

Nimemwibia moja. Mtungi mpya una tundu kwenye mfuniko, nao uko chini ya kitanda chake, nyuma ya viatu. Ukianza kunuka, atajishuku mwenyewe.