Kaka Aliyenisikiliza

Jumatatu, 3 Machi
Kikao dukani. Kaka yangu, mwenye duka la magodoro, kasema matapeli siku hizi wana mashine ya akili bandia. Ikikusikia mara moja tu, inaongea kama wewe! Duka la jirani limetapeliwa friji sita kwa sauti ya bosi wao. Basi tuna neno la siri: konokono. Kaka akipiga simu mzigo utoke bila kulitaja, hautoki hata mto. Wifi, mkewe, kanitazama mimi tu. Eti kunipa siri ni kutia maji kwenye pakacha. Anautaka ufunguo wangu wa stoo, huyo! Kaka kasema nikiharibu, anapewa.

Jumanne, 4 Machi
Nimefunga mdomo mpaka saa nne. Nimemwambia msusi tu. Na wateja wake wawili. Na kwenye kundi letu la simu, akina mama wa sokoni, nikatuma sauti, wajue duka letu lina ulinzi wa maana.

Alhamisi, 6 Machi
Saa tano, simu. Kaka! Sauti yake, kikohozi chake. Kasema konokono, gari liko njiani, nitoe magodoro themanini. Huku natafuta ufunguo kwenye mkoba, nikampa habari za goti langu, za msusi na mumewe, za wifi anavyonisakama. Hakunikatiza hata mara moja. Nimemaliza, kasema, "Pole sana dada yangu. Endelea."

Nikaganda. Tangu tuzaliwe kaka hajanipa pole. Hajaniacha nimalize hata salamu! Nikakata. Nikaukalia ufunguo. Nikampigia kaka mwenyewe kwenye namba yake. Sijafungua mdomo vizuri, kashafoka: "Wewe, fupisha, nina kazi!"

Ndiye! Nililia kwa raha. Lori likaja, likakuta tumefunga, likageuza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesifiwa mbele ya wifi! Wifi kauliza konokono alitokaje nje. Nikasema ni kweli, humu dukani kuna mtu ana mdomo, achunguzwe. Ufunguo uko shingoni kwangu, nimelala nao. Neno jipya: kenge. Tumeapa wote.

Jumamosi, 8 Machi
Msusi kaapa hasemi. Wateja wake pia, watano. Kwenye kundi safari hii sikutuma sauti, nimeandika. Mashine itanisikia wapi?