Malalamiko Dhidi ya Muuguzi Verlene, Asiyeniacha Peke Yangu

Hospitali ya Birch Coulee,
Dakota Kaskazini.
Januari 19

Kwa Bi. Renata Haugen, Mkuu wa Wauguzi.

Mheshimiwa Bibi,

Kwa unyenyekevu mkubwa namshtaki kwako muuguzi wako, Verlene Stordahl. Mimi ndiye yule wa mkataba wa wiki kumi na tatu, niliyetoka Mississippi, kusini kwenye joto. Baada ya kuhitimu nilifanya kazi mwaka mmoja kasoro wiki mbili, kisha wakala aliyenileta kwenu akanihakikishia kwa simu, "Dada, wewe umeshaiva." Kwa hiyo sikutarajia kupikwa upya.

1. Mlinionyesha wodi kwa saa nne, mkanikabidhi wagonjwa watano. Saa hizo zilinitosha kabisa, chumba cha dawa nilikipata mwenyewe siku ya pili. Lakini Verlene alinifuata kila niendako, akidai anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

2. Alilifungia gari langu kifaa cha kupasha injini moto, akalichomeka kwenye umeme hapo maegeshoni bila idhini yangu. Nilipomuuliza, alijibu, "Mwanangu, injini ikiganda kwa baridi leo utalala humu na wagonjwa." Kwetu gari halichomekwi kama simu. Sasa linawaka kila nikiliwasha, na kisingizio cha kuchelewa sina tena.

3. Jumanne asubuhi nilikuwa na kidonge cha moyo cha Bw. Harlan Tveit, yule mfugaji aliyevunjika nyonga. Nilikuwa na haraka. Verlene akasema kutoka mlangoni, "Mshike mkono kwanza."

Mzee akacheka. "Shika, binti, mimi siumi."

Nikahesabu dakika nzima. Mapigo arobaini na mawili. Kidonge kile kingepunguza mwendo huo zaidi, pengine kuusimamisha moyo kabisa. Nikarudi nacho. Huko kwenye korido niliketi juu ya kikapu cha mashuka, aibu ambayo chanzo chake ni Verlene peke yake.

4. Hili ndilo zito: hakuniripoti. Nilingoja aje kwako siku nzima, hakuja. Nilipomfuata akasema, "Kusema ni juu yako. Mimi nilichoona ni muuguzi anayehesabu mapigo." Yaani amenitwisha kazi ya kujishtaki mwenyewe! Basi naifanya: nilikaribia kumpa mgonjwa dawa bila kumpima. Uamuzi ni wako, hata kama ni wa kunirudisha kwetu.

Naomba Verlene ahamishiwe wodi nyingine, nami niachwe nijitegemee kama mkataba unavyosema.

Nisalimie wenzangu wote wa zamu ya mchana, mpishi anayetupakulia ile sufuria ya viazi na nyama ya kusaga, na Bw. Tveit, ambaye leo ametembea hadi dirishani.

Wako mtiifu,
Darlena Pruitt

N.B. Nasikia Verlene ameomba likizo ya wiki mbili kuanzia Jumatatu, akamlee mjukuu aliyezaliwa juzi. Tafadhali sana usimruhusu. Mtoto aletwe huku, nitambeba mimi.