Jinsi ya Kumzuia Fundi Kimya

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Fundi Kimya kaja kazini na shati lililopigwa pasi! Miaka yote anavalisha makochi vitambaa hapa karakanani kwangu, sijawahi kumwona na vifungo vimetimia. Saa nne akaomba ruhusa kidogo. Sikumuuliza aendako. Bosi haulizi, bosi anajua. Ananyemelewa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye karakana kama yangu ng'ambo ya soko.

Jumamosi tunakabidhi viti vya ukumbi wa hoteli, na mwenye mkono wa kuvivalisha ni Kimya peke yake. Tukichelewa, hoteli inavunja mkataba, nami nafunga duka.

Mke wangu anasema nimuulize tu alikokwenda. Hajui biashara, maskini.

Jumanne, tarehe 5
Nimempa cheo! Mkurugenzi wa Vitambaa na Sponji. Kadi nimemvalisha shingoni mbele ya wote. Akashukuru, kisha akaomba feni ya ofisini kwangu ihamie karakanani, eti joto na vumbi la sponji vinamkaba. Nimemshtukia. Anatafuta sababu ya kuondoka. Feni haitoki.

Mchana kadi ikanaswa kwenye cherehani. Dada wa cherehani alicheka mpaka mshono ukaenda upande.

Jumatano, tarehe 6
Nimeficha nyundo yake. Fundi haendi popote bila nyundo yake! Aliitafuta asubuhi nzima, viti vinamsubiri uchi. Roho ikaniruka: Jumamosi hiyo inakuja. Nikaamua kuirudisha. Sikukumbuka nilipoificha. Tumeipata jioni, ndani ya kochi la mteja, baada ya kulipasua.

Kimya alinitazama. Afadhali angetukana.

Alhamisi, tarehe 7
Leo nimetumia akili. Nimekwenda kwa shemeji mwenyewe, kumkatisha tamaa. Nikamwambia Kimya ni mvivu, mlevi, mwizi wa misumari, na siku hizi mikono inamtetemeka. Shemeji alisikiliza kwa makini sana. Akanimiminia chai, akauliza mtu huyo anakaa wapi. Nikamwelekeza vizuri, mpaka rangi ya mlango, ili ajue nyumba ya kuiepuka.

Nimerudi nikipiga mluzi.

Ijumaa, tarehe 8
Saa mbili, Kimya hayupo. Saa nne, hayupo. Nikashika nyundo mwenyewe, nikajigonga kidole. Mchana kaingia, amevaa lile shati, kaweka kadi ya cheo mezani.

"Bosi, Jumatatu niliitwa shuleni kwa binti yangu," alisema. "Huyo shemeji yako nilikuwa simjui hata kwa sura. Jana kaja nyumbani. Anasema mtu hawezi kuvuka soko zima kumsengenya fundi wa hovyo."

Nikauliza shemeji kamwambia nini kingine. Kumbe kamwambia yote.

"Ya ulevi ningekusamehe. Lakini mikono yangu, bosi?"

Akainyoosha mbele yangu. Ilitulia tuli. Yangu ndiyo ilikuwa ikitetemeka. Akachukua nyundo yake, akaenda zake. Nililia kidogo nyuma ya sponji. Baadaye nikasikia kwamba karakana ya shemeji ina feni mbili.

Jumamosi, tarehe 9
Watu wa hoteli wamekuja na gari, wamekuta mbao na springi. Mkataba umevunjwa. Viti wamevipakia, wakaniuliza njia ya kwenda kwa shemeji.

Amebaki dada wa cherehani. Bila yeye hapa hata foronya haishoneki, lakini naye leo kaja amesuka nywele upya! Akaomba Jumatatu achelewe kidogo. Mke wangu anasema, safari hii muulize aendako. Kaongeza kwamba feni nayo impunguzie dada wa watu joto. Wanawake wawili, njama moja!

Naandika haya chini ya feni. Nimeshapanga. Jumatatu alfajiri namuwahi shemeji. Nitamwambia huyo dada hata uzi hajui kutunga. Na shemeji asije akapotea njia akaangukia nyumbani kwa dada kwa bahati mbaya, nitamchorea ramani.