Ngurumo Asoma Hadithi Akiwa Uani

Duniani wapo wanaosoma wamekaa, na wapo wanaosoma wamelala. Aliyepata kusoma hadithi sebuleni huku mwenyewe yuko uani anacheza drafti ni mmoja tu: Ngurumo!

Jina hilo alijipa mwenyewe. Alidai sauti yake ni nzito kiasi kwamba akikohoa, majirani huanua nguo. Majirani hawajawahi kuanua hata leso, ila jina lilibaki, maana watu walichoka kubishana naye.

Basi mama mkwe wake akafanyiwa upasuaji wa macho. Alirudi nyumbani kafungwa bendeji kote kuwili, na amri ya daktari kwamba asiziguse mpaka Jumatatu. Na mama yule hadithi zilikuwa ndio uhai wake! Kukaa bila kusoma kulimuuma kuliko upasuaji wenyewe.

"Nisomeeni jamani," akasema. "Ile fremu yangu ya duka hapo mbele, fundi viatu kahama. Atakayenisomea mpaka bendeji zifunguliwe, funguo nampa. Asiyeweza kukaa na mimi saa moja, atakaaje na wateja siku nzima?"

Fremu! Ngurumo aliitamani kwa miaka, afungue duka la simu. Alishapanga mpaka rangi ya mlango.

"Mama, umefika!" akajigamba. "Nikisoma mimi, hata mende huacha shughuli zao wakasikiliza!"

Siku ya kwanza alisoma kurasa mbili, akaanza kupiga miayo. Uani, seremala wa jirani alishatandika ubao wa drafti na alikuwa anapiga mluzi wa kumwita. Ngurumo akaazima kompyuta ya mke wake, akaitafuta hadithi ileile mtandaoni, na humo kwenye kivinjari akakuta kitufe cha kusoma kwa sauti. Akachagua sauti ya kiume, nzito, ya mtu aliyeshiba na kulala vizuri. Akaiweka kompyuta juu ya kiti chake, akabonyeza, akanyata peku mpaka uani.

"Mkwe, mbona ukisoma sauti inabadilika?" mama alimuuliza jioni.

"Ya kuongea inatoka kooni, mama. Ya kusoma inatoka tumboni."

Mama akaridhika. Tena akamsifu kwa binti yake: "Mumeo kumbe ana subira! Hakohoi, haombi maji, hajisifu. Sijui kapatwa na nini."

Jumapili hadithi ikafika patamu. Ngurumo alikuwa uani, kete yake inakaribia kuwa mfalme. Sebuleni sauti ilisoma: "Binti akabisha mlango wa hakimu. Mlango ukafunguka. Mbele yake alisimama..."

Hapo ukurasa ukaisha. Chini yake kulikuwa na tangazo, na mashine, kwa uaminifu wake, haikuruka kitu.

"Je, una kitambi?"

"Nani? Hakimu?" mama akauliza.

"Wewe! Wewe unayeshinda kwenye kiti siku nzima."

Mama mkwe akajishika tumbo. "Mkwe, unasema na mimi?"

"Usione aibu. Wengi wa umri wako wako hivyo."

"Umri wangu!"

"Acha kula usiku."

"Nani kakwambia nakula usiku? Mke wako?"

"Marafiki zako wanakuficha ukweli. Sisi tunakwambia."

"Sisi! Kumbe mmenikalia kikao!"

Ukelele uliofuata ulimwaga kete zote. Ngurumo akatimua mbio, akaingia sebuleni anahema, kete moja mkononi. "Naam mama! Nipo!"

"Tumbo litaisha ndani ya wiki mbili," ikaendelea sauti kutoka kitini.

Mama akanyoosha mkono gizani mwake, akapapasa, akamkamata Ngurumo shati. Akageuzia sikio kule kitini, akalirudisha.

"Kumbe mko wawili."

"Ni... ni mwangwi, mama!"

"Mwangwi unaosema usichokisema? Mkwe, siku tatu hizi nani alikuwa ananisomea?"

Ngurumo akaona hapana pa kutokea. "Kompyuta, mama."

"Ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Basi mwanangu ndiye aliyekaa na mimi. Funguo za fremu nampa yeye."

Duka la simu likamtoka Ngurumo hivihivi, na rangi ya mlango wake. Iliuma, jamani! Alitamani ardhi ipasuke.

"Na mimi je, mama?"

"Wewe izime hiyo, ukae hapo, unisomee kwa mdomo wako. Nataka kujua mlangoni alisimama nani."

Hapo Ngurumo akapata moyo. Sauti si anayo? Angeweza hata kuzirudisha funguo! Akakohoa kwa mbwembwe, akavuta pumzi, akaanza. Neno la kwanza likatoka jembamba kama filimbi. La pili likakwama. Kwenye nukta akapitiliza, katikati ya neno akapumzika, mstari mmoja akausoma mara mbili, na palipoandikwa hakimu akasoma binti.

Mama mkwe akavumilia ukurasa mzima, maana alikuwa mtu wa heshima. Kisha akampapasa goti taratibu.

"Pole, baba, umejitahidi," akamwambia kwa huruma. "Sasa hebu muwashe mwenzako."