Gagulo Langu Limetoka Vizuri Kuliko Mama

Leo nimeumbuka. Naandika upesi ili mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Mama Yunisi, maana huyo habari zake zinavuka ziwa bila kungoja meli.

Na kama barua hii itasomwa na watoto wenu siku za mbele, wakauliza ni mwaka gani, waambieni ni huu ambao minofu ya sangara inapanda ndege na sisi wenye ziwa tunakula mapanki. Kichwa, mgongo, mkia, na vinyama vya kuchokonoa kwa kidole. Si ule mwaka wa unga wa njano wa msaada. Ule wa unga wa njano nao una kesi yake humu ndani. (Mtaona.)

Basi, Mama Kulwa na Mama Bahati, huko Nansio kaeni chini msome.

Mama yangu mnamjua. Tangu azaliwe hajapigwa picha. Kila aliyemjia na kamera alijibiwa maneno manne tu, akaenda zake: "Sura yangu ninayo. Sigawi."

Baba naye alikuwa hivyo hivyo. Amekufa bila picha hata ya kitambulisho. Siku hizi nikifumba macho nikamtafuta, naona kofia, naona fimbo, uso siuoni. Wajukuu wakiniuliza babu alifananaje, najibu, "Alikuwa mrefu." Mrefu! Hata nguzo ya umeme ni ndefu. Sikutaka mama naye aje kuwa "mfupi" tu.

Sasa yuko hapa Kiseke mjukuu wangu Shija, yule anayepiga picha za gazeti huko Dar. Alikuja kwa siku tatu, kesho anaondoka. Kaja na kamera ya kazini, nzito kama jiwe la kusagia. Juzi alikaa na mama wakamenya karanga mpaka jua likazama. Sijui walinong'onezana nini. Mama akaniita akasema, "Huyu nimemkubalia. Mara moja, isizidi."

Jamani, nililia. (Nilisema ni moshi.)

Leo asubuhi mama akaoga, akavaa kile kitenge alichoniagiza nimzikie nacho. Tukamweka kwenye kiti uani. Shija akataka nikae karibu na mama atupige sisi wawili. Hapo ndipo kiburi kikanipanda.

"Wewe kaa naye," nikamwambia. "Nitapiga mimi."

Nilikuwa nimeshajiona nikiwatambia akina mama wa jumuiya: hii nimepiga mimi, mwanafunzi wa ngumbaro, niliyejifunza kusoma ukubwani!

Shija akasita. Mikono yake ilikuwa imeishika ile kamera kama mtu anayeombwa mtoto mchanga na mlevi. Lakini bibi ni bibi. Akanivisha mkanda shingoni.

"Bibi, weka jicho hapo. Unaona vijumba vitano, vimepangana mstari mmoja?"

"Naviona. Mimi sina mtoto wa jicho."

"Kimoja kinawaka chekundu. Kamera inatazama hapo tu, bibi. Patakapokuwa na kile kijumba ndipo patakapotoka safi, kwingine kote ni ukungu. Nimekuchagulia cha kushoto kwa sababu bibi mzee anakaa kushoto. Wewe kiweke kwenye macho yake, bonyeza nusu, ikilia pii, malizia."

"Nusu naijua. Nimepika miaka mingapi?"

"Na hicho kigurudumu chini ya kidole usikiguse. Ukikizungusha kijumba kinahama."

(Angeninyamazia hilo la kigurudumu, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.)

Nikataka kwanza nianue nguo kwenye kamba, zilikuwa nyuma yao upande wa kulia. Shija akasema, "Ziache tu, bibi. Nyuma kutakuwa ukungu mtupu, hata kamba haitaonekana. Na picha zimebaki tatu, usiharakishe."

"Toka hapa, ukakae. Mtoto nimekuogesha kwenye karai, leo unanifundisha kutazama!"

Akaenda akasimama kando ya mama, upande wa zile nguo. Nikaweka jicho. Kweli, uso wa mama ule pale, mdogo, mzuri, na kile kijumba chekundu katikati ya paji lake.

Moyo ukanilipuka.

Ninyi mmefuga, mnajua. Mnadani ng'ombe akishanunuliwa na wachinjaji anapakwa rangi nyekundu. Ukimwona na ile alama unajua huyo hakuna kurudi zizini, kesho ni supu. Na mimi nilidhani kile chekundu kitatoka hivyo hivyo kwenye picha! Nimpake mama yangu mzazi alama ya mnadani? Na kitenge cha kuzikiwa amevaa? Nani amenituma?

Nikazungusha kigurudumu. Kijumba kikahama, kikaenda kikatua kifuani kwa Shija. Hapana! Huyo naye ni damu yangu. Nikazungusha tena mpaka mwisho kabisa wa kulia. Kikatua kwenye kamba ya nguo. Nikapumua. Nguo hazina roho.

Nikabonyeza nusu. Pii! (Hata kamera ilinipongeza.) Nikamalizia. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, Shija alimwambia mama kitu sikioni, na mama akacheka. Mama! Anayeficha mapengo yake hata kanisani, alicheka mdomo wazi kama msichana, na mimi nikabonyeza.

"Imetosha," akasema mama. Akainuka mwenyewe akaingia ndani.

Mchana Shija akapeleka mkanda wa picha studio mjini. Mimi sikukaa. Nilipita mlango kwa mlango. "Saa kumi njooni mwone mama yangu." Wakaja sita, na Mama Yunisi wa saba na mkeka wake, yule anayefagia ofisi za kiwanda cha samaki kule Nyakato na kuokota Kiingereza humo humo.

Shija akarudi na bahasha. Uso wake haukuwa sawa, nakiri niliuona.

"Shikamooni," akawaambia wenzangu. Kisha kwangu, chini chini: "Bibi, tuingie ndani kwanza."

"Ndani kuna nini? Toa hapa hapa, watu wanangoja!"

Nikamnyang'anya. Sikuangalia hata mimi mwenyewe, nilimpa Mama Yunisi ya juu kabisa kwa mkono uliotulia, kama anayegawa zawadi.

Wengine wakamwinamia begani.

"Mama Doto," akaniambia Mama Yunisi, "hii kamera ni ya kweli. Mpaka uzi nauona!"

"Uzi wa kitenge?"

"Wa gagulo."

Nikaishika. Wenzangu, kule nyuma, kwenye kamba, gagulo langu lilikuwa limetoka safi kuliko kitu chochote kilichowahi kupigwa picha hapa Mwanza. Kiraka unakiona. Tobo la kiraka unaliona. Na ni lile nililoshona mwaka wa unga wa njano kwa gunia la unga wenyewe, maandishi yote ya Kiingereza yako palepale! Mimi huyu ninayejidai kwamba mitumba sivai, navaa vya dukani.

"Geuzeni, maandishi yako kichwa chini," akasema Mama Yunisi. Akageuza. Akasoma polepole, kidole juu yake: "Limeandikwa... haliuzwi."

"Nani alitaka kulinunua?" akauliza mwingine.

Walicheka mpaka mmoja akalala kwenye mkeka. Nami nilicheka, nifanyeje? Nilicheka mpaka macho yangu yakaenda upande wa kushoto wa picha.

Palikuwa na kitu cha rangi ya kitenge. Juu yake kitu cha kahawia, kama uso unaouona kwenye mvuke wa sufuria. Ya pili vile vile. Ya tatu, ile ya kucheka, palikuwa na doa jeupe kidogo mahali pa mdomo. Hilo doa ndilo kicheko cha mama yangu.

Shija hakunicheka. Aliniambia tu, "Bibi, kile kijumba hakimpaki mtu rangi. Hakitoki kwenye picha. Ni wewe unaiambia kamera ni yupi unayemtaka."

Kwa hiyo kamera iliniuliza mara tatu unamtaka nani, na mara tatu nilijibu: gagulo.

Wenzangu wakaona sicheki tena, wakakunja mkeka, wakaaga. Hata Mama Yunisi aliaga kwa adabu. Hapo ndipo nilipojua nimeharibu kweli.

Jua lilikuwa bado lipo. Shija alikuwa ameweka mkanda mpya kwenye kamera. Tukaingia kwa mama, nikapiga magoti mimi na umri wangu huu, nikampa picha. Akaisogeza mpaka ikagusa pua.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama. Nimekosea mimi. Mtoto alinielekeza, nikakataa kuelekezwa."

Akaitazama muda mrefu. "Haina kosa," akasema. "Mbona nami siku hizi nawaona hivi hivi?"

Sikujua. Nimekaa naye nyumba moja, nampa chakula mkononi, sikujua kwamba mama haoni vizuri. Nami asubuhi nilikuwa nikijitapa sina mtoto wa jicho.

"Basi, mama," nikamwambia, "mara moja tena. Safari hii Shija ndiye atakayepiga."

Akanirudishia picha. Akavua kile kitenge, akakikunja pembe kwa pembe, akakirudisha sandukuni.

Nimeibandika ile ya tatu ukutani. Mkija msilitazame gagulo, tazameni lile doa jeupe, na anayetaka kucheka akachekee nje. Shija ameniambia nisirudi kwa mama peke yangu, twende tumbembeleze tena pamoja kabla mwanga haujaisha. Tumekwenda. Nimelia mbele yake, na leo sikusema ni moshi. Mama amenipapasa uso wote, paji, pua, kidevu, taratibu, kama anayeutafuta. Kisha akaondoa mkono.

"Sura yangu ninayo. Sigawi."