Roshani ya Binti wa Chifu

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimekuwa msanii. Nilikuwa nimeinamia geti la mteja wa mtaa wa Elgon View, miwani ya kuchomelea usoni, akaingia mama mrefu mwenye mtandio wa kijani. Anaitwa Ruwayda. Anafundisha chuo kikuu kule Chepkoilel na anaongoza kikundi cha maigizo. Anataka roshani ya chuma. Si ya nyumba. Ya jukwaani! Katika mchezo wao, chifu anauza chemchemi ya kijiji kwa siri, na binti yake anapanda kwenye roshani kumwumbua mbele ya watu wote. Futi nane kutoka chini. Ngazi kwa nyuma.

Amesisitiza jambo moja. Viungo visichomelewe. Bolti na nati tu, kwa sababu wakimaliza hapa Eldoret wanaenda Kitale, Kakamega na Kisumu, na waigizaji wataifungua na kuifunga wenyewe. Nimeitikia kwa heshima zote.

Miaka kumi na minne ya mageti na madirisha. Sijawahi kuona mtu akilipigia geti makofi.

Doa moja tu. Mlango wa jela ya chifu amepewa Ondiek, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, mkabala na yangu kabisa. Ondiek ni mtu wa kupima chuma mara tatu, kunywa chai, kisha kupima tena. Atamaliza Krismasi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata wazo nikiwa naoga.

Bolti ni za mtu yeyote mwenye spana. Lakini chuma kilichochomelewa kinamtaka fundi: wa kukikata, wa kukiunga tena. Nikiichomelea roshani yote, kikundi hakiwezi kutoka Eldoret bila mimi. Nitapanda basi la wasanii. Nitaulizwa maoni. Jina langu litachapishwa kwenye karatasi ya mchezo, pamoja na majina ya waigizaji, na mke wangu Waiyego atawaonyesha dada zake.

Na Ruwayda akija kukagua bolti? Hilo pia nimelifikiria. Nitakata vichwa vya bolti na kuvichomelea juu ya viungo. Atakayeangalia ataona bolti. Nani atakwenda kuchungulia nyuma?

Waiyego ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia kazi imekuwa tamu.

Ijumaa, 12 Septemba

Roshani imesimama! Ina maua ya chuma kwenye reli, ambayo hakuna aliyeyaomba. Nimeipaka rangi nyeusi.

Ruwayda amekuja kuiona pamoja na Wacera, atakayeigiza binti wa chifu. Kumbe Wacera anaogopa kupanda juu. Alipanda ngazi polepole, ameshika reli kwa mikono miwili, akafika na kusimama pale kama nguo iliyoanikwa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, niambie ukweli. Hii ni salama?"

Nikamwambia, "Salama kuliko nyumba unayolala."

Na ilikuwa salama. Siku ya leo, saa tano asubuhi, ilikuwa salama kabisa. Nataka hilo lieleweke.

Wacera akashusha pumzi, akaachia mkono mmoja, kisha wa pili. Akacheka. Ruwayda alikuwa anahesabu vichwa vya bolti. Ishirini na vinne. Akanisifu kwa kufuata maagizo. Nikaangalia viatu vyangu.

Ng'ambo, Ondiek alikuwa anafungua mlango wake wa jela na kuufunga tena, kwa spana, akiangalia saa. Mchana mzima. Inasikitisha.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Pikapu ilitufikisha ukumbini saa tatu. Mlango wa ukumbi ni futi sita. Roshani, hata upande wake mfupi, ni futi saba. Tukaigeuza ubavu. Tukaijaribu kichwa chini. Mzee Murunga, mtunza ukumbi, alitusaidia kusukuma mpaka akakwaruza fremu ya mlango, akakasirika, akaacha.

Ruwayda hakuona shida yoyote. Akasema kwa upole, "Fundi, si tufungue tu bolti?"

Nikatoa spana. Watu wanane walikuwa wananitazama. Nikaikamatisha kwenye kichwa cha bolti ya kwanza, nikakaza uso, nikavuta. Nikatoa jasho la kweli. Kisha nikatangaza kwamba imeshika kutu.

Ruwayda akauliza kama bolti mpya hushika kutu kwa siku sita. Nikasema mvua ya Eldoret ni kali.

Ondiek alikuwa ameshaingiza jela yake, vipande vitano, na sasa amesimama karibu na roshani, mikono mfukoni. Akainama. Akachungulia nyuma ya kiungo, mahali ambapo nati ingekuwa. Nikasubiri aniumbue. Akajiinua, akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na grinda ya kukatia chuma. Akaniwekea mkononi. Hakusema neno.

Hilo liliniudhi kuliko kama angesema.

Nimekata roshani vipande sita nyuma ya ukumbi, cheche zikiruka kwenye nyasi. Nilipanga kuichomelea tena ndani. Mzee Murunga akasema nikiwasha moto karibu na mapazia yake ataniitia polisi. Nje siwezi kuichomelea, maana haitapita mlangoni. Ikabaki njia moja. Kutoboa matundu na kufunga kwa bolti.

Yaani nimeifanya kazi mara mbili ili nifike pale Ruwayda alipotaka tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Ijumaa, 19 Septemba

Viungo vyote vimekaa, isipokuwa kimoja. Mguu wa nyuma, upande wa kulia. Grinda ilikula chuma kuliko nilivyodhani na matundu hayakutani. Bolti haipiti. Kuanza mguu mpya ni kazi ya siku nzima, na ningelazimika kumweleza Ruwayda sababu.

Nimeufunga kwa waya. Waya mwingi. Juu yake nimepaka rangi nyeusi, na sasa hata mimi nikisimama mbali sioni kitu.

Wacera amefanya mazoezi juu ya roshani mara mbili. Alisimama katikati na mguu haukucheza. Ameniambia hofu yake imekwisha kwa sababu ya maneno niliyomwambia siku ile. Nikaenda kuosha brashi ya rangi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mchezo umeanza saa nane mchana. Ukumbi umejaa. Waiyego amekaa safu ya tatu, amevaa kitenge cha harusi ya dada yake.

Mimi nilisimama pembeni, nyuma ya pazia. Sehemu ya kwanza ilipita vizuri. Jela ya Ondiek ilifunguka na kufungwa kama jela. Kisha nikamsikia Ruwayda akimkumbusha Wacera kwamba leo, tofauti na mazoezi, wazee wawili wa baraza watapanda naye. Na akifika kwenye neno "chemchemi" apige mguu chini kwa nguvu.

Watu watatu! Na mguu chini!

Ningemwambia Ruwayda asimamishe mchezo. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini taa za jukwaa ziliwaka, na miguu yangu ikanipeleka kwingine. Nikapiga magoti, nikatambaa chini ya kitambaa kinachofunika sehemu ya chini ya roshani, nikauweka begani ule mguu wa kulia.

Wakapanda. Wacera wa kwanza, mwepesi. Kisha mzee. Kisha mzee mwingine, ambaye kwa kweli ni mnene. Waya ukalia. Chuma kikaniingia kwenye nyama ya bega. Juu yangu Wacera alikuwa anasema maneno mazuri sana, nadhani, maana ukumbi ulikuwa kimya. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi.

"Chemchemi!" Akapiga mguu. Waya mmoja ukakatika.

Hapo niliogopa kama sijawahi kuogopa. Si kwa ajili ya jina langu. Nilimwona akilini yule binti akianguka, mikono yake ikitafuta reli niliyoiwekea maua. Nikamwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika hapa.

Kitambaa kikafunuka. Ondiek. Alitambaa mpaka kwangu, akageuka, akaweka mgongo wake kwenye chuma, pembeni ya bega langu. Mzigo ukapungua nusu.

"Tangu lini unajua?" nikanong'ona.

"Waya? Tangu jana. Bolti za bandia, tangu Alhamisi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungesema nakuonea wivu."

Nikafikiri. Nikamwambia ni kweli, ningesema hivyo.

"Lakini jana ningesema," akanong'ona. "Huyo msichana ni mtoto wa mtu. Nimekosea."

Tukakaa hivyo, bega kwa mgongo, kama ng'ombe wawili wa plau, tukisikiliza viatu vya watu juu yetu. Ondiek ananuka sabuni ya kipande. Miaka tisa tumekuwa majirani na nilikuwa sijui.

Mwishowe yakaja makofi. Makofi marefu! Waigizaji wote wakainama, na wale watatu wakabaki juu ya roshani wakipunga mikono. Kisha nikasikia sauti ya Ruwayda kwenye maikrofoni. Alisema kuna watu wawili ambao bila wao kusingekuwa na jela wala roshani. Akataka waje mbele waonekane. Akataja majina. "Bwana Ondiek! Bwana Irungu!"

Irungu ni mimi.

Makofi yakaanza tena. Yalikuwa yetu. Ondiek akanitazama. Nikamtazama. Juu yetu yule mzee mnene alikuwa anarukaruka kwa furaha.

Hatukutoka. Ruwayda akatuita mara ya pili. Watu wakaendelea kupigia makofi jukwaa ambako hatukuwepo, kisha yakapungua, kisha yakaisha, na viti vikaanza kusogezwa.

Jumapili, 21 Septemba

Bega limevimba. Waiyego amenikanda kwa maji ya moto. Hakuniuliza kitu mpaka alipomaliza.

"Walikuita mbele ya watu," akasema. "Niligeuka huku na huku. Ulikuwa wapi, Baba Njambi?"

Nikamwambia nilikuwa chini ya roshani. Akasubiri. Nikamwambia yote, kuanzia kule bafuni. Nilitarajia kelele. Akakunja tu kitambaa, akasema kesho nitakwenda kumwambia yule mama mwenyewe, na nitamwambia yule msichana pia, na yeye hatapika chakula mpaka nimekwenda.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimekwenda. Nilimpata Ruwayda na Wacera ukumbini, wanakunja mavazi. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu mvua na ubora wa chuma cha siku hizi. Nilipomwona Wacera yote yakapotea. Nikasema, "Nilikudanganya. Mguu mmoja umefungwa kwa waya."

Wacera akaniomba nimwonyeshe. Nikampeleka. Akaugusa waya ule uliokatika, akauzungusha kidoleni, akakaa kwenye ngazi. Kisha akasema, "Ulikuwa humo chini wakati wote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungenionya tu, Fundi. Ningesimama chini nikaongea. Watu wangenisikia."

Ningependa angenitukana.

Ruwayda hakupaza sauti. Ameamua mguu utengenezwe upya, viungo vyote vikaguliwe, na mkaguzi awe Ondiek. Nitafanya kazi chini yake mpaka atakaporidhika. Safari ya Kitale wanakwenda na Ondiek. Karatasi ya mchezo imeshachapishwa na jina lake lipo.

Jumanne, 23 Septemba

Nimeshinda kwa Ondiek. Tumepima mguu mara tatu. Tumekunywa chai. Tumepima tena. Bolti imepita kwenye tundu kama kidole kwenye pete. Ondiek akaitikisa roshani kwa nguvu zake zote na haikusema kitu. Akanipa mkono.

Lazima niseme, nimetulia moyoni. Nimejifunza. Kazi rahisi, iliyofanywa kama ilivyoagizwa, ina utamu wake. Nimemwambia Waiyego hivyo na akapika chapati.

Alhamisi, 25 Septemba

Ondiek na wasanii wameondoka asubuhi. Niliwapungia mkono kwa roho safi. Wacera alinipungia pia, mara moja.

Saa sita amekuja Mwalimu Lawrence, mwenye shule ya chekechea kule Cheptiret. Alikuwa ukumbini Jumamosi. Anataka gari moshi dogo la chuma, liwekwe uwanjani, watoto wakae ndani wajifanye wanasafiri. Amerudia mara mbili: lisimame tu, lisisogee hata inchi moja, maana uwanja wake una mteremko unaoishia kwenye shamba la mahindi la jirani.

Nimemwelewa vizuri sana. Nimeandika kwenye daftari: LISISOGEE. Nimepiga mstari chini yake.

Jioni nimepata magurudumu manne, safi kabisa, ya mkokoteni. Mwalimu atashangaa!